Kioo cha Samaki cha Nyamianda

Mjukuu wa dada yangu alinipigia simu kutoka Bukavu, na kabla hata ya kunisalimia vizuri akaniuliza: koko (ndivyo wanavyotuita sisi wazee wao), ni samaki gani wa ziwa letu wanaoweza kukaa pamoja bila kuuana, na chini niwawekee mchanga au mawe? Anajenga akwariyomu kwenye ukuta wa mgahawa wake, ndefu kuliko kitanda cha watu wawili. Anataka wageni wale huku wanalitazama ziwa bila kulowa. Nikamwambia anipe muda nifikiri, lakini mimi si mtu wa kukaa kitini akafikiri. Hata kanisani mguu wangu hautulii. Nilivaa viatu nikashuka ziwani.

Wewe kama uliwahi kufika Uvira zamani, usidhani utaukuta ufuo uliouacha. Maji yamepanda. Nyumba za mbele zimezama mpaka madirishani, na pale tulipokuwa tukianika ndagala, dagaa wetu, sasa watu wanapita na mitumbwi. Nilitembea huku na huku nikitafuta mahali pa kusimama, nikashindwa. Nilikuwa nimekuja kutazama mchanga, na mchanga wenyewe uko chini ya maji. Basi nikarudi nyumbani na roho iliyochafuka, na tangu siku ile sijatulia. Ndiyo maana nakuandikia.

Nyamianda ya utoto wangu, mtaa wetu hapa Uvira, ilinuka ndagala. Asubuhi wavuvi waliporudi, kina mama walishuka na mabeseni, kila mmoja akaenda kwenye kipande chake cha ufuo. Vipande vile havikuwa na alama yoyote, lakini kila mtu alijua cha mama fulani kinaishia wapi, na watoto tuliokanyaga cha mwingine tulipigwa bila maelezo. Mama yangu alikifagia chake kama sebule. Mchanga laini sana unaganda kwenye samaki, halafu jioni unausikia unasaga kati ya meno pamoja na ugali wa muhogo. Kwa hiyo alitaka mchanga wenye punje, safi, unaodondoka samaki akikung'utwa. Kazi yetu sisi wadogo ilikuwa kufukuza kuku na kunguru mpaka jua lilipokuwa kali, kisha tunakwenda kula mabaki ya usiku, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, na kukimbilia shuleni tukiwa na harufu yetu.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Wakubwa walizungumza kwa sauti ya juu, kisha ghafla kwa sauti ya chini. Nyumba za wazungu kule juu zilikuwa tupu, na tulikwenda kula mapera yao bila kuogopa mbwa. Mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza samaki aliondoka kwa haraka, akaiachia shule yetu sanduku la kioo lenye fremu ya chuma, refu kiasi kwamba mtoto wa kilasi ya kwanza angeweza kulala humo akajinyoosha. Sisi tuliliita kioo, basi. Kwa muda mrefu lilikaa nyuma ya kilasi ya sita likiwa limejaa mipira iliyopasuka na majembe ya bustani, na kuku wa jirani aliwahi kutotolea vifaranga humo.

Aliyelikumbuka ni mwalimu wa kilasi ya sita. Alikuwa mwembamba, suruali yake moja imepigwa pasi kila siku, na alikuwa na tabia ya kufundisha akitembea, hivyo ukikaa mbele shingo inachoka. Alipata habari kwamba inspekta wa shule atatoka Bukavu kuzikagua shule za kando ya ziwa. Akaamua kwamba inspekta hataonyeshwa ramani wala mashairi. Ataonyeshwa ziwa zima ndani ya kilasi, samaki wakiwa hai, na atakayemweleza ni mwanafunzi mmoja aliyelipanga mwenyewe. Akamchagua dada yangu.

Hapo nikueleze kitu kimoja ili unielewe. Dada yangu alikuwa na akili, na wakati ule akili ya msichana ilikuwa shida ya nyumba. Alitaka kwenda Bukavu kwenye shule ya kuwafundisha wasichana ualimu. Hakutaka kitu kingine duniani, alikuwa akiota kwa sauti. Baba, aliyepakia mizigo bandarini Kalundu, hakuwa mtu mbaya, lakini kulikuwa na familia ya Sange yenye mashamba ya mpunga iliyokwisha kumwomba dada kwa ajili ya kijana wao. Mwalimu alipokuja nyumbani kumsemea, baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa neno ambalo dada alilibeba kila siku baada ya hapo.

"Inspekta mwenyewe akifika hapa kwangu na kuniambia, ataenda. Kama hapana, bantu ba Sange bako banangoya."

Watu wa Sange walikuwa wanangoja, kwa hiyo kioo kilikuwa Bukavu yake. Samaki wakiwa hai siku ya inspekta, dada anasoma. Wakifa, anapika wali wa Sange.

Mara ya kwanza tuliharibu, na tuliharibu kwa sababu ya adabu zetu. Kwetu samaki aliyeletwa mlangoni harudishwi. Ukimrudisha umeitukana nyumba iliyomleta. Habari za kioo zilipoenea, kila mtu alitaka kuona samaki wake humo. Wavuvi wa Makobola walileta wadogo wa mawe wenye mistari. Rafiki wa baba alileta kuhe mdogo, mtoto wa wale wanaokula wenzao, akisema ziwa bila kuhe si ziwa. Mke wa katekista alileta ngege. Mimi nilileta ndagala kwenye kikombe, nikafika nao wamekufa wote, maana ndagala ukimtazama tu vibaya anakufa. Dada aliwapokea wote kwa mikono miwili, akashukuru, akawatia. Chini alikuwa amemwaga mchanga wa mto Kalimabenge kwa sababu ulikuwa karibu, bila kuuosha, na maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Yalipotulia tukaona. Kuhe alikuwa amenenepa. Waliobaki walijibana kwenye pembe moja, mapezi yao yametafunwa.

Dada hakulia. Alikuwa na hasira ya kimya, ile ambayo mtu anafua nguo zilizo safi. Mwalimu alitembea kuzunguka kioo, akasimama, jambo ambalo hakulizoea.

"Weye uko na akili ya kuchagua," alimwambia. "Kitu unakosa ni kukatala. Samaki hawajue heshima yetu."

Tangu siku ile dada alianza upya, na alianzia chini. Kila jioni alikwenda ziwani, anaingia mpaka kifuani, anatia uso majini na kutazama. Mimi nilimfuata kama mkia nikiuliza maswali, naye alinijibu akipanda kuvuta pumzi. Alisema samaki hawa hawagombani ovyo, wanagombania sakafu. Kuna wanaotaka mawe yenye mianya ya kupitia, na wasipoyapata wanamsumbua kila mtu. Kuna wanaotaka mchanga mtupu, wanauchota kwa mdomo na kuutoa kwenye mashavu mchana kutwa. Na kuna wale wadogo kuliko kidole ambao nyumba yao ni ganda la konokono aliyekufa, na mbele ya ganda hilo ni wakali kuliko mama aliyejifungua. Ukiipanga sakafu vizuri, kila mmoja atabaki kwake. Alizungumza hivyo kwa uhakika, maji yakimtiririka puani, na mimi nilimwamini kuliko padri.

Mchanga ndio uliomtesa zaidi. Wa mto aliukataa kwa vumbi lake. Tulitembea mpaka karibu na mdomo wa mto Ruzizi, tukakuta tope. Baba hakusaidia, alisema mchanga ni mchanga. Mama alikuwa hajasema neno lolote kuhusu Bukavu, wala ndiyo wala hapana, na sisi tuliogopa kumuuliza. Jioni moja alikuwa akikusanya ndagala wake, akamwona dada anarudi na ndoo tupu. Akaonyesha kwa kidevu kipande chake cha ufuo, kile alichokifagia miaka yote, ambacho sisi watoto wake wenyewe tulikanyaga kwa kuomba ruhusa.

"Chukua pale," alisema, akaendelea na kazi yake.

Dada alichimba pale akilia waziwazi, na mimi pia nililia, bila kujua vizuri kwa nini. Leo najua. Ulikuwa msimu wa ndagala, na mama alianika pembeni, kwenye mchanga mbaya, akavumilia wanunuzi waliolalamika.

Tuliosha mchanga ule kama mchele, beseni baada ya beseni, mpaka maji ya kumwaga yakawa yale yale ya kutia. Mawe yalitoka Makobola juu ya lori la samaki. Dada aliyatanguliza kabla ya mchanga, chini kabisa, juu ya vipande vya mkeka wa zamani ili kioo kisipasuke. Alisema ukiyaweka juu ya mchanga, wachimbaji watauchimba na mawe yatawaangukia. Aliyapanga upande mmoja yakapanda karibu na uso wa maji. Katikati aliacha uwanja wa mchanga mtupu. Upande wa pili alitawanya maganda ya konokono, midomo ikielekea huku na huku ili majirani wasitazamane. Wenye maganda hao tuliwaleta sisi watoto, kwa mchezo tulioujua tangu zamani: unapiga mbizi, unaliokota ganda, unaziba mdomo wake kwa kidole gumba, na unatoka majini na samaki akiwa ndani ya nyumba yake.

Na kukataa alijifunza, kwa namna yetu. Samaki aliyeletwa alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampeleka jikoni kwa mama, na jioni bakuli la mchuzi lilirudi kwa aliyeleta. Nyamianda nzima ilikula vizuri miezi ile. Hata baba wa kijana wa Sange alipokuja na kambare mkubwa kwenye gunia lililolowa, akitaka awekwe kwenye kioo kwa heshima ya familia mbili, alimla yeye mwenyewe kwa mawese, akalamba vidole. Alitazama sufuria tupu akacheka, akamwambia baba kwamba huyu mutoto ni hatari. Baba naye alicheka, lakini alimtazama dada kwa macho mapya.

Umeme shuleni haukuwepo. Ili samaki wapate hewa, dada alitoboa kopo la mafuta kwa msumari, na kila asubuhi na jioni alichota maji ya kioo na kuyamimina kutoka juu, yakirudi kama mvua. Mikono yake ilikuwa majini muda wote, vidole vimekunjamana kama vya bibi kizee. Na samaki walipatana. Wa mawe walizunguka mawe yao, wa mchanga walichota mchanga wao, na wale wadogo walitoa vichwa kwenye maganda kutuchungulia. Watu wazima walikuja kutazama baada ya misa. Wavuvi waliowavua samaki hao maisha yao yote walichuchumaa mbele ya kioo wakiwafuata kwa kidole.

Ikabaki inspekta. Tuliahidiwa kwamba atakuja baada ya Pasaka. Halafu baada ya mvua. Halafu barabara ya bondeni ikawa inafungwa, inafunguliwa, inafungwa tena, na malori ya mpunga ya Sange yakawa yanafika siku moja na kukosekana wiki. Watu walisema waasi wako milimani, wengine wakasema wako Fizi, wengine wakasema waasi ni watoto wetu wenyewe, tusiogope. Baba alifunga mizigo na kuifungua. Mama aliuza ndagala kabla hawajakauka. Na dada, kila aliposikia gari, alisimama. Alikuwa akila, anasimama. Tulikuwa kanisani, lori likapita, akasimama katikati ya sala, watu wakageuka. Mimi nilimchukia inspekta yule ambaye sijawahi kumwona, na namchukia mpaka leo.

Aliyefika siku moja asubuhi hakuwa inspekta. Waasi waliingia mjini wamevaa majani na ngozi, na askari wa serikali walikuwa wamekwisha kukimbia. Waliamini maji ya dawa: wakinyunyiziwa, risasi haitawapata. Lakini dawa ile ilikuwa na miiko yake, na mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa mwanamke. Akiigusa, au akimgusa mpiganaji, nguvu inakwisha, na aliyeiharibu analipa. Hilo tulilijua hata watoto, lilitangulia kufika kabla yao.

Walikuja shuleni kwa sababu mtu aliwaambia kuna chombo kikubwa cha maji kisichovuja. Tulikuwa wote kilasi ya sita, maana walimu wengine walikuwa wamekimbia na mwalimu wetu alitukusanya pamoja. Dada alikuwa ametoka kumimina maji. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka viwikoni. Alipowaona mlangoni aliiingiza ndani ya kitenge chake, na mimi nikasogea mbele yake nikasimama. Mkuu wao hakupiga kelele. Alikuwa kijana, alitazama samaki kwa muda, nafikiri walimpendeza. Kisha akauliza nani anatunza maji haya, na kama kuna mwanamke aliyetia mkono humo.

Kilasi nzima ilijua. Watoto wale wote walikuwa wameokota maganda kwa amri ya dada, walikuwa wameosha mchanga naye. Hakuna aliyegeuza kichwa. Ndipo mwalimu alisema, na hakuwa akitembea.

"Ni minye peke yangu. Hakuna mutoto mwanamuke aliyeigusa."

Mkuu yule akaitikia kwa kichwa, akaamuru kimwagwe. Walikiinamisha kioo mlangoni na kila kitu kikatoka: maji, mchanga wa mama, mawe ya Makobola, samaki. Mwalimu aliomba wavulana waruhusiwe kuwaokoa kwa ndoo, akaruhusiwa, nao waliokota walichoweza. Dada alisimama. Samaki walirukaruka karibu na vidole vya miguu yake, na hakuweza kuinama kumchukua hata mmoja, kwa sababu ili kumchukua angetoa mikono. Nimeona mambo mengi tangu siku ile, na baadhi yalikuwa ya damu. Lakini nikiulizwa vita ni nini, namwona dada yangu amesimama vile.

Walikibeba kioo, wakakijaza dawa. Siku chache baadaye walikwenda bondeni kupigana, na wengi hawakurudi. Waliorudi walitaka kujua nani aliyaharibu maji. Walimfuata mwalimu nyumbani kwake. Jirani yake alituambia kwamba walimuuliza tena kama kweli ni yeye peke yake, wakampa nafasi ya kutaja mtu mwingine. Akajibu vile vile. Akaomba avae suruali yake, wakamngoja avae, wakaondoka naye. Hakuna aliyemwona tena wala kuonyeshwa kaburi. Jioni ile ile baba alitupakia kwenye mtumbwi, tukavuka kwenda Burundi, na mama alikaa amemkumbatia dada njia nzima.

Bukavu ya dada haikuwepo tena. Kijana wa Sange naye alikuwa mkimbizi, alitutafuta na kutupata, na dada aliolewa naye. Alikuwa mume mwema, sitamsingizia. Tuliporudi Uvira baada ya miaka, shule ilikuwa na paa jipya na walimu wengine, na kioo hakuna aliyejua kilikoishia. Watu walikikumbuka, lakini. Walikisifia mezani, kwenye harusi, kwenye matanga: kile kioo cha mwalimu, jinsi mwalimu alivyowapatanisha samaki. Dada alikuwa akikaa pale pale akichambua mboga, anakubali kwa kichwa. Ndiyo, alikuwa akisema, mwalimu alikuwa na akili sana.

Mimi ilinichoma. Siku moja nilimwambia aseme basi, waasi walikwisha kwenda zamani, nani atamdhuru sasa? Aliniangalia kama anayemwangalia mtoto wa kilasi ya tatu.

"Yeye alisema ni yeye," alinijibu. "Nikisema leo ni minye, alikufa ju ya nini?"

Sikurudia tena. Dada amekwisha kufariki. Watoto wa kilasi ile wametawanyika, wengi wako ardhini, na wale walio hai tukikutana tunazungumza bei ya muhogo. Mama, kipande chake cha ufuo, sauti ya wavuvi wakirudi, njia ya kwenda shuleni, vyote ziwa na miaka vimechukua. Kila nikikaa nasimama tena, kwa sababu nikiondoka mimi hatabaki mtu wa kusema kwamba sakafu ile ilipangwa na msichana.

Wajukuu wa dada walipoanza kusoma, walikuwa wakimletea madaftari yao ya Kifaransa, anayashika makusudi kichwa chini miguu juu, wanamcheka. Mmoja wao alimuuliza mbele yangu, weye koko, hukusomaka? Dada alimrudishia daftari, akakunja mikono yake.

"Minye nilikuwa na mwalimu," alisema.